Nyakanga Naye Ana Jina

Kuna sentensi ambayo kila aliyesoma Kiswahili sekondari ameikariri: fasihi simulizi haina mtunzi maalumu, ni mali ya jamii. Tuliiandika kwenye madaftari, tukaimwaga kwenye mitihani, tukapewa alama zetu, tukasonga mbele. Wapo waliokwenda nayo mpaka chuo kikuu na leo wanaifundisha. Ina sura ya ukarimu sentensi hii. Inatufanya tuwaone mabibi na mababu zetu wamekaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anachangia neno, wimbo unakamilika, kisha unaachwa pale katikati, anayeutaka auchukue.

Mimi nasema ni sentensi ya uongo, na uongo wake una jinsia.

Natokea Lukuledi, wilaya ya Masasi. Kwetu wasichana huchezwa unyago, na anayeuongoza unyago ni nyakanga. Kuna nyimbo za kuingia, kuna za kufundishia na kuna za kutoka. Kaa na wakinamama wa rika la mama yangu uwaulize habari za wimbo mmojawapo. Hawatakwambia ni mali ya jamii. Watakwambia huo ni wa bibi fulani wa kule ng'ambo ya mto, huu ulikuja na yule nyakanga aliyeolewa huku akitokea Newala, na ule wa tatu aliutoa mama fulani kumsema mkwewe, watu wakaupenda, ukabaki. Watabishana wao kwa wao nani aliubadilisha ubeti wa mwisho na kwa nini. Kijiji kinawajua watunzi wake. Asiyewajua ni kitabu. Na kwa kuwa kitabu hakiwajui, tumefundishwa kusema kwamba hakuna wa kujulikana.

Utasema tatizo ni kalamu. Ambaye hakuandika, jina lake litabakije? Haya, tumwangalie Kinjikitile Ngwale. Hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Alisema tu, kwa mdomo, kule Ngarambe, na maneno yake yakasambaa kusini nzima. Leo jina lake limo kwenye kila kitabu cha historia ya Tanzania, na Ebrahim Hussein alimtungia tamthilia iliyotoka mwaka 1969. Sijawahi kumsikia mwalimu akisema habari ya maji ilikuwa mali ya jamii, haina mwenyewe. Mwanamume aliyesema bila kuandika anaitwa kiongozi, nabii, mwanamapinduzi. Mwanamke aliyesema bila kuandika anaitwa jamii. Kwa hiyo kalamu peke yake haitoshi kuwa sababu.

Chukua mfano mwingine. Siti binti Saad jina lake lilibaki, na tujiulize lilibaki kwa njia gani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri ziliuzwa kwa jina lake. Baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Ilibidi kampuni iwe na faida ya kupata, na mwanamume mwenye kalamu aone inafaa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, tulimwimbia sifa kama malkia wa taarabu, dunia ikampa tuzo, lakini ile kazi yake nyingine ya kufundisha wali kwenye unyago tuliizungumza kama kituko cha kufurahisha, bibi na ngoma zake. Hatukumwita mwalimu, ingawa hiyo nayo ilikuwa kazi yake kwa miaka mingi.

Hapa ndipo ufeministi unapotuuma, wale tunaopenda vitabu. Watu wengi wanadhani ufeministi ni habari ya vyeo na mishahara: wabunge wangapi, mameneja wangapi. Hayo yana umuhimu wake. Lakini kuna upande unaochimba chini zaidi, unaouliza maarifa ni nini na mjuzi ni nani. Tangu miaka ya 1980 watu kama Sandra Harding na Donna Haraway, huko Marekani, wamesema jambo ambalo ukiliondolea Kiingereza chake kizito ni rahisi tu: kila anayejua, anajua akiwa amesimama mahali fulani. Aliye sebuleni anaona moshi. Aliye jikoni anajua kuni ipi ni mbichi. Mapokeo ya elimu tuliyorithi yanatuambia mjuzi wa kweli hana mahali, hana mwili wala jinsia, anaangalia tu na kuandika kilichopo. Ukimchunguza mjuzi huyo kwa makini unakuta mara nyingi ni mwanamume, amekaa sebuleni, na chai ameletewa.

Masasi inafaa kuwa somo la jambo hili, maana imeandikwa sana.

Wamisionari Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895. Mwaka 1905 misheni yao ikateketezwa katika Vita vya Majimaji, na mwaka uliofuata wakaanza upya Ndanda. Mwaka huohuo wa 1906, majivu hayajapoa vizuri, akaja Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig. Alipita Masasi, akapanda Newala, akiwa na fonografu, kamera ya picha mnato, kamera ya sinema na askari wa kumsindikiza. Mwenzake wa safari aliyemsaidia sana alikuwa Nils Knudsen, Mnorwei aliyekwishaishi pande hizo. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909, na mpaka leo anayetaka kuandika juu ya Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huku lazima akipitie. Ndani yake mna kurasa nyingi juu ya unyago.

Sasa fikiria picha hiyo. Vita vimeisha juzi, watu wana njaa. Anakuja mwanamume mgeni na wenye bunduki nyuma yake, anataka kuona jambo ambalo hata mume wa nyakanga haruhusiwi kulijua. Unadhani ataonyeshwa nini? Ataonyeshwa ngoma ya nje, ile ya uwanjani. Yaliyobaki ataelezwa na wanaume, ambao nao wanaeleza wasichokijua. Halafu yote yataandikwa kwa sauti ileile ya uhakika, kana kwamba mwandishi alikaa ndani siku zote. Sisemi Weule alidanganya. Aliona alichoweza kuona kutoka pale aliposimama. Lakini kitabu hakisemi kwa sauti kubwa alisimama wapi, na sisi tuliokuja baadaye tumekisoma kana kwamba kiliandikwa na jicho lisilo na mwenyewe.

Akaja Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, aliyeongoza dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926 mpaka 1944. Yeye anasifiwa kwa jambo kubwa: badala ya kupiga marufuku jando na unyago, alitaka viingizwe kanisani na kupewa sura ya Kikristo. Mwaka 1928 alichapisha insha juu ya njia hiyo, na wasomi wa misheni wakaisoma duniani kote. Mwaka 1972 mwanahistoria Terence Ranger akaandika utafiti wake juu ya Masasi, na habari hiyo ikawa mfano maarufu vyuoni. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kama fikra ya askofu. Mwaka 2008 ndipo Anne Marie Stoner-Eby alipochapisha makala iliyowarudishia haki mapadri Waafrika wa Masasi, akionyesha kwamba wao ndio waliokuwa mstari wa mbele katika kuibadilisha mila ile, na askofu aliikuta kazi ikiendelea.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikahesabu. Ghorofa ya kwanza, askofu Mzungu. Tukashuka ya pili, mapadri Waafrika, na ilichukua zaidi ya nusu karne kushuka ngazi hiyo moja. Ghorofa ya tatu je? Jando lilikuwa rahisi zaidi kwa kanisa kwa sababu mapadri walikuwa wanaume waliotahiriwa, walilijua. Unyago ulikuwa na wenyewe. Manyakanga walikaa wakaamua kipi kitaje mbele ya mke wa padri na mama wa misheni, kipi kinyamaziwe, wimbo upi upunguzwe makali na upi uhamishiwe usiku. Huo ni uamuzi wa kifikra, mzito kama insha ya askofu. Aliyeuamua ana jina. Jina hilo halimo katika vitabu, kwa sababu vitabu vimemtafuta mwenye joho.

Mtu anaweza kuniambia: sawa dada, wamesahauliwa, inasikitisha, tuwaongeze. Tuweke sura moja ya wanawake mwishoni mwa kitabu. Hapana. Hoja yangu siyo ya kuongeza sura. Mjuzi akifutwa, maarifa yenyewe yanakosewa, na yale tunayodhani tunayajua yanakuwa na makosa ndani yake. Nitatoa mifano miwili, na yote ilichapishwa mwaka mmoja, 1997.

Wa kwanza ni wa Majimaji hayohayo. Tulifundishwa sababu za vita: kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida. Thaddeus Sunseri aliangalia Uzaramo akauliza swali la kijinga kabisa: nguruwe pori walikuwa wanafukuzwa na nani? Wanaume walikuwa wameondolewa kwenda kwenye kazi za vibarua, sheria za uwindaji na silaha za Wajerumani zikawafunga mikono waliobaki, na mashamba yakawa mikononi mwa wanawake waliokesha wakilinda chakula dhidi ya wanyama. Ukiyatazama maji kutoka shambani, wakati njaa inagonga mlango, vita inaanza kuonekana tofauti. Inakuwa pia ugomvi juu ya nani analima, nani analinda na nani anakula. Nyaraka hazikuongezeka siku hiyo. Kilichobadilika ni swali, na jibu likabadilika.

Mfano wa pili ni wa TANU. Hadithi tuliyozoea inasema utaifa ulitoka kwa vijana waliosoma misheni na Makerere, wakawashushia wananchi. Susan Geiger akaenda kukaa na Bibi Titi Mohamed na wanawake wengine wa TANU, akawaacha wasimulie maisha yao. Akakuta mtandao wa vikundi vya ngoma, wanawake wa mjini wenye elimu ndogo ya darasani, wengi Waislamu, waliokuwa tayari wanajua kukusanya watu wa makabila mbalimbali chini ya jina moja, kuchanga fedha, kutunza siri na kupitisha ujumbe kwa wimbo. Bibi Titi mwenyewe alitokea kwenye ngoma. Wanawake wale hawakusubiri kupewa utaifa. Sehemu ya utaifa wenyewe waliitengeneza wao. Sasa niambie, mtu aliyeandika historia ya TANU bila kuwauliza alisahau sura moja, au alikosea kitabu?

Turudi kwetu, juu kwenye uwanda wa Makonde. Kuna simulizi ya asili inayojulikana sana. Mwanamume mmoja alikuwa peke yake porini, akachonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha, likawa mtu hai, akawa mkewe. Mtoto wao wa kwanza alifia bondeni, karibu na maji. Wa pili naye akafa. Walipopanda juu kabisa, wa tatu akaishi, na hao ndio Wamakonde. Simulizi hii imepamba maelezo ya maonyesho mengi ya vinyago. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara najiuliza: aliyezika watoto wawili alisema nini? Nani aligundua kwamba bondeni kuna maradhi, yule aliyechonga au yule aliyezaa? Simulizi inamfanya mama wa kabila zima atoke kwenye patasi ya mume, kisha inamnyamazisha.

Tena inasema tuishi juu. Haisemi nani atapandisha maji huko juu. Uwanda ule ni mchanga, maji yananyonywa na ardhi, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, na hata baada yake kila mabomba yalipokauka, wanawake walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Wao walijua njia, walijua mwezi gani chemchemi ipi inapungua, walijua mtungi mmoja unatosha watu wangapi kwa siku ngapi. Hayo ni maarifa ya jiografia, hesabu na afya kwa pamoja. Hakuna aliyeyaita hivyo. Yaliitwa kuchota maji.

Na mtungi wenyewe je? Kinyago cha mpingo, kazi ya wanaume kwa sehemu kubwa, kiko kwenye majumba ya sanaa ya dunia, na wachongaji kadhaa wanajulikana kwa majina yao. Ni haki yao, wala siwaonei wivu. Lakini mfinyanzi, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, naye ana elimu yake: anajua udongo upi unapasuka na upi unastahimili moto, achanganye nini, akaushe siku ngapi, na achome kwa majani au maganda gani. Chungu chake kikiingia makumbusho, kibao kwa kawaida kinataja kabila, mahali, na jina la mgeni aliyekichukua. Kinyago ni sanaa, chungu ni chombo. Nani aliamua hivyo? Sijaona mahali popote palipoandikwa kwamba wafinyanzi waliulizwa.

Najua kuna msomaji anakunja uso. Atasema: nyie watu wa kusini mnalalamikia nini, kwenu si ukoo ni wa mama? Kweli, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo hufuata mama. Lakini ukoo kupitia kwa mama ni jambo moja, na mama kusema ni jambo jingine. Katika mambo mazito anayesema ni mjomba. Kwenye posa, kwenye mirathi, kwenye ugomvi wa ardhi, utamkuta kaka wa mama ndiye aliyekalia kiti. Mama ni njia, na mjomba ndiye mpita njia. Na hata elimu juu ya ukoo huo wa mama, ukienda maktaba kuitafuta, utapewa kitabu cha Liebenow cha mwaka 1971 na cha Wembah-Rashid cha mwaka 1975. Ni vitabu vizuri, nimejifunza mengi humo. Vyote vimeandikwa na wanaume. Tuna mfumo unaoitwa wa upande wa mama, na tunausoma kwa sauti ya wajomba.

Msomaji mwingine atakunja uso zaidi, na huyu namheshimu, kwa sababu ana jambo la kweli mkononi. Atasema: unyago huohuo ndio unaotuharibia watoto. Mtoto wa darasa la tano anachezwa, anatoka ameambiwa yeye sasa ni mtu mzima, mwaka unaofuata ana mimba. Unataka tumtukuze nyakanga?

Sitaki atukuzwe. Nataka abishiwe, na huwezi kumbishia mtu usiyekubali kwamba anafikiri. Angalia jinsi tunavyofanya sasa. Manyakanga wanaitwa kwenye semina ili waelimishwe, wanapewa soda na nauli, wanasomewa mambo kutoka kwenye karatasi, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani kufanya walilokuwa wanafanya. Hakuna aliyewauliza: mama, hili somo mlilitoa wapi, lilikuwa na sababu gani, zamani mlimcheza msichana akiwa na umri gani, na ni nini kilichowafanya mshushe umri? Wakiulizwa wanajibu, tena kwa kirefu. Wapo wanaotetea yote. Wapo wanaosema waziwazi kwamba siku hizi sherehe imekuwa biashara na darasa limekufa. Wapo wanaotaka mafunzo yasubiri mtoto amalize shule. Kuna mjadala mkali ndani ya unyago kwenyewe, kati ya wanawake na wanawake, na sisi wenye digrii hatuusikii kwa sababu tumeshaamua kwamba mila haina wanaofikiri, ina wanaoifuata tu.

Halafu tuwe wakweli. Mtoto hapati mimba kwa wimbo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Hiyo haikuandikwa na nyakanga. Ilipitishwa na Bunge. Rebeca Gyumi alilazimika kwenda Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, akashinda tena Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Na wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito, ambao serikali iliruhusu warudi kwenye mfumo rasmi wa shule Novemba 2021, hawakufukuzwa na wimbo wa unyago. Waliofukuza walikuwa na mihuri. Ni rahisi kumlaumu bibi asiye na jina kwa sababu hawezi kujibu gazetini. Huko ndiko "mali ya jamii" kunakotufikisha: sifa inakosa wa kupewa, lakini lawama inampata mwenyewe haraka.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kwenye vyumba vya habari ugonjwa huu una jina: tafuta mtaalamu. Niliwahi kuandika habari ya ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa sana kusini. Nilikuwa nimezungumza na mama mmoja wa bonde la Lukuledi ambaye alinieleza kila kitu: namna ya kuutambua mmea, wapi pa kuchimba, namna ya kuacha kipande ardhini ili uote tena, na kwa nini siku hizi inapatikana mbali zaidi kuliko utotoni mwake. Habari ikarudi kwangu na swali: huyu mama ni nani? Weka mtaalamu. Nikapiga simu, nikampata mtaalamu, mtu muungwana sana, akanieleza yaleyale. Nikamuuliza ameyapataje. Akacheka, akasema, "Hayo si tuliyachukua kwa wakinamama wa huko huko?" Habari ilitoka. Jina la mtaalamu lilikuwa aya ya pili. Yule mama alikuwa "mmoja wa wakazi".

Mmoja wa wakazi! Hiyo ni "mali ya jamii" ya magazeti.

Mwisho kuna wale wa kusema ufeministi umetoka Ulaya, sisi Waafrika hatuujui. Nawaomba waangalie vizuri kilichotoka Ulaya ni kipi. Desturi ya kukusanya nyimbo na hadithi bila kuandika majina ya walioimba na kusimulia, ukaziweka chini ya jina la kabila, ilifika huku na watu wa aina ya Weule. Tukairithi, tukaitungia maswali ya mtihani, leo tunaitetea kama yetu. Kumkumbuka bibi aliyeutoa wimbo ni kwetu kabisa. Wakinamama wa Lukuledi wanakufanya bila kusoma Haraway. Penina Muhando aliandika Nguzo Mama mwaka 1982, na hakuna aliyemletea kwa meli. Mwaka 2007 Amandina Lihamba na wenzake walitoa mkusanyiko mkubwa wa maandiko na sauti za wanawake wa Afrika Mashariki, na waliowakusanya wakaonekana kuwa na maisha, mahali na tarehe. Kwa hiyo inawezekana. Ni kazi tu, na nia.

Kuna hoja moja inayonipa shida kweli, nayo ni ya siri. Unyago una ya ndani yasiyosemwa nje, na mimi niliyepita humo siyasemi hapa. Je, nikidai majina ya watunzi sitakuwa naifungua nyumba ambayo wenyewe wameifunga? Nimelifikiria hili muda mrefu. Jibu langu ni kwamba kunyima nako ni haki ya mwenye mali, na huwezi kuwa na haki hiyo kama imeshaamuliwa kwamba mali haina mwenyewe. Ukisema wimbo ni wa jamii, mtu yeyote mwenye simu anaurekodi, anautia kwenye intaneti, anahesabu watazamaji. Ukisema wimbo ni wa mama fulani, inabidi ubishe hodi. Anaweza kusema karibu. Anaweza kusema chukua huu, ule uache. Anaweza kusema nenda zako. Majibu yote matatu ni ya mjuzi, na mtafiti mwenye adabu atayaandika yote matatu, hata lile la tatu.

Kwa hiyo nidai nini? Kwa walimu: futeni ile sentensi. Wafundisheni wanafunzi kwamba fasihi simulizi ina watunzi ambao mara nyingi hawakuandikwa, na waulizeni kwa nini hawakuandikwa. Hilo ni swali la mtihani lenye akili zaidi. Kwa wanaoandika tasnifu: kama ulikaa na bibi siku tano akakuimbia, jina lake, akiridhia, liwe kwenye ukurasa wenyewe kama la mtunzi yeyote, lisiishie kwenye shukrani mwanzoni baada ya Mungu na msimamizi wako. Kwa wenzangu wa habari: mtu aliyelima, aliyefinyanga au aliyezalisha kwa miaka 40 ni mtaalamu, mwandikeni hivyo. Na kwa nyinyi mnaosoma hapa, mnaojua nani aliandika nini mwaka gani, mnaobishana mpaka usiku kama riwaya fulani ni bora kuliko nyingine: mpigieni simu bibi, shangazi au mama mkubwa leo. Mwulizeni wimbo mmoja anaoujua vizuri. Kisha mwulizeni aliutoa nani.

Atakutajia mtu. Andika jina hilo kabla hamjaagana.